KUACHA SIGARA NI SAFARI: JAZA MITUNGI KWANZA

Kila mwaka Chama chetu cha Kiswahili kinapoomba makala, wengi wetu hukimbilia kuandika juu ya faida za elimu au madhara ya ukame. Mimi mwaka huu nimeamua kuandika juu ya kitu kidogo chenye urefu wa kidole tu, kitu ambacho nimekuwa nikitumwa kukinunua tangu nikiwa darasa la nne. Nazungumzia sigara, au fegi kama tunavyoiita sisi vijana.

Sitasema kwamba sigara ni mbaya halafu nikaweka kalamu chini. Hilo kila mtu analijua, na wanaovuta wanalijua kutushinda sisi. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mtu anayejua kuwa kitu kinamuumiza, na anayetaka kukiacha, bado hukirudia. Kisha nitaeleza jinsi ya kujiandaa kukiacha, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kuwa asiyejiandaa hafiki mbali.

Nilivyokuwa nikitumwa

Nina mjomba, ndugu ya mama, ambaye mimi humwita abti. Yeye ni dereva wa lori. Hubeba bidhaa kati ya Moyale, Takaba, Banissa na Rhamu, na ninyi mnaoijua barabara hiyo mnalijua vumbi lake na mchanga wa laga zake. Asipokuwa na safari hukaa kwetu. Mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai kuiva, ningesikia sauti yake: "Kijana, kimbia dukani, leta moja."

Nami nilikimbia. Muuza duka hakuniuliza umri wala jina. Alifungua pakiti, akatoa sigara moja, akapokea shilingi ishirini, basi. Wakati huo sikujua kwamba sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku, ya mwaka 2007, inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na pia inakataza kuuza sigara moja moja nje ya pakiti. Sheria hiyo imenizidi umri, maana mimi nina miaka kumi na sita. Lakini kijijini ni kama haijafika.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa mwalimu wa chama alituambia makala isiyo na ukweli ni karatasi tu. Abti alipenda niiwashe sigara kwa kaa la jikoni, nimpelekee ikiwa tayari. Nilipokuwa kidato cha kwanza, nilianza kuvuta pumzi moja au mbili nyuma ya nyumba kabla ya kumfikishia. Mara ya kwanza nilikohoa hadi machozi yakanitoka, na kichwa kikazunguka. Mara ya tatu sikukohoa. Mara ya saba au ya nane niligundua jambo lililonitisha: nilikuwa nimekaa mlangoni nikisubiri kutumwa. Ati mimi, niliyekuwa nikichukia kutumwa, sasa nasubiri! Waswahili husema chovya chovya yamaliza buyu la asali. Nilisimama hapo hapo, lakini nilitaka kujua ni nini kilichokuwa kimeanza kunivuta.

Nikotini ni nini?

Kinachovuta kinaitwa nikotini. Ni kemikali iliyomo ndani ya jani la tumbaku. Tumbaku ni mmea wa bara la Amerika, na watu wa Ulaya waliujua baada ya safari za Christopher Columbus zilizoanza mwaka 1492. Jina nikotini limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Lisbon, ambaye karibu mwaka 1560 aliipeleka tumbaku kwa wakubwa wa nchi yake akiamini kuwa ni dawa. Mwaka 1828 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Posselt na Reimann, waliweza kuitenga nikotini yenyewe kutoka kwenye jani.

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo kama 70 zinajulikana kuleta saratani. Kuna lami inayoganda mapafuni, na kuna hewa ya kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Hizo ndizo hasa zinazoua. Nikotini kazi yake kubwa ni nyingine: ndiyo inayomrudisha mtu kwenye moshi kila siku. Ni kama mchungaji anayewarudisha ng'ombe wale wale kwenye kisima kile kile chenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na baadhi yao hawakuvuta kamwe, walivuta tu hewa ya nyumba yenye moshi wa wengine.

Ndiyo maana mtu anayeacha sigara akahamia tumbaku ya kutafuna, shisha, au vile vifuko vidogo vya nikotini vinavyofichwa chini ya mdomo, huyo bado hajatoka kwenye kamba. Amebadilisha mti aliofungiwa.

Kamba inavyofungwa

Mtu akivuta sigara, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kumi hadi ishirini hivi. Kabla hujamaliza kusoma aya hii ingekuwa imeshafika. Ndani ya ubongo kuna vipokezi, yaani kama vikufuli vidogo vinavyosubiri ufunguo wake. Nikotini ni ufunguo wa bandia unaoingia kwenye vikufuli hivyo, na vikifunguka ubongo humwaga kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayomwambia mtu, "Hili lilikuwa jema, lirudie." Mungu ametuumba nayo ili tupende chakula, maji baridi na mambo mengine yanayotuweka hai. Nikotini inaiiba ishara hiyo.

Ubongo nao si mjinga. Ukiona wageni wanazidi kuja, huongeza milango. Vipokezi huzidi kuwa vingi, na sasa sigara moja haitoshi, inatakiwa mbili. Tena nikotini haikai mwilini. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka katika damu, na vile vipokezi vilivyobaki vitupu vinaanza kulia. Kilio hicho ndicho mvutaji anachokisikia kama hasira, wasiwasi, kichwa kuuma na kukosa utulivu. Akivuta, kilio kinanyamaza, naye husema, "Sigara inanituliza." Kumbe inatuliza ghasia iliyoileta yenyewe! Nilipolielewa jambo hili nilikaa kimya kwa muda.

Usiku mvutaji analala saa saba au nane bila nikotini. Kwa hiyo asubuhi vipokezi vyote vinapiga kelele pamoja. Mtaalamu wa Uswidi, Karl-Olov Fagerström, alitunga maswali ya kupima uraibu, na swali moja kubwa ni hili: baada ya kuamka, unachukua muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Anayevuta ndani ya dakika tano, uraibu wake ni mkubwa. Nilimkumbuka abti na ile sauti yake kabla ya chai kuiva.

Msomaji, usifikiri haya yalijulikana na kukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 1988 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyosema wazi kuwa nikotini huleta uraibu. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya Bunge la nchi hiyo, wakala kiapo, na kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini huleta uraibu. Watu wazima, wenye suti, chini ya kiapo. Basi tusimcheke dereva wa lori ambaye hakuambiwa.

Mara ya kwanza: hasira bila mitungi

Mwezi wa Agosti mwaka jana mdogo wangu wa mwisho alikohoa wiki mbili. Mama alimwambia abti kwa upole kwamba moshi ndani ya nyumba haumfai mtoto. Abti alishikwa na haya, na haya ikageuka hasira. Alichukua pakiti aliyokuwa nayo akaitupa chooni mbele yetu sote, akaapa kuwa hatavuta tena maishani.

Siku ya kwanza alitembea kifua mbele. Siku ya pili kichwa kilimuuma, akagombana na mama juu ya chumvi, akagombana nami juu ya viatu. Usiku hakulala vizuri. Siku ya tatu alipata safari ya Takaba. Walipoteremka kunywa chai njiani, wenzake wakawasha, mmoja akamnyoshea pakiti. Aliporudi nyumbani nilinusa shati lake kabla hajasema neno. Watu walimcheka. "Huyo hana msimamo," walisema. Abti mwenyewe alisema, "Hii kitu imenishinda. Mimi si mwanamume."

Maneno hayo yaliniuma. Mtu anayeweza kulitoa lori zima kwenye matope ya laga usiku, akiwa na koleo na mawe tu, huyo hana msimamo kweli? Nilipompeleka mdogo wangu zahanati, nilimwuliza mhudumu wa afya. Aliniambia kwamba siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo kilio cha mwili hufika kileleni. Baadaye hupungua polepole, na kwa watu wengi hutulia baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa maneno mengine, abti aliangushwa mahali pale pale ambapo karibu kila mtu huangushwa, naye hakuwa ameambiwa kuwa kuna shimo.

Nilipomweleza, abti alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha makala hii: "Basi mimi nilisafiri bila kujaza mitungi." Kwetu huku dereva hatoki bila mitungi ya maji, tairi la akiba na habari za njia. Kuacha sigara nako ni hivyo hivyo.

Tulivyojaza mitungi

Sisi tulikuwa na jambo moja la kutupa moyo. Ramadhani abti hufunga, wala havuti tangu alfajiri hadi magharibi, karibu saa kumi na tatu. Kwa nini basi anaweza? Nadhani ni kwa sababu anaijua siku kabla haijafika, ametia nia, amekula daku, na kila mtu aliye karibu naye anafanya hivyo hivyo. Hiyo yote ni maandalizi! Shida yake ilikuwa magharibi: tende moja, maji, halafu sigara kabla ya uji. Mhudumu wa zahanati alicheka akasema ni kama mtu anayekausha kisima mchana kutwa kisha usiku akakijaza tena kwa mikono yake.

Kwa hiyo tulianza maandalizi mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani ya mwaka huu. Nayaandika hapa kwa mpango, ili anayetaka amsomee baba, kaka au mjomba wake.

Kwanza, daftari. Kwa wiki moja abti alivuta kama kawaida, ila kila sigara aliniambia niandike saa, mahali na sababu. Tulipata tisa au kumi kwa siku. Tuliona kwamba nyingi zilikuja na mambo yale yale: baada ya sala ya alfajiri, pamoja na chai, pamoja na miraa, wakati wa kuwasha injini, na baada ya chakula. Ubongo huifunga sigara pamoja na mambo hayo kama mizigo ya ngamia mmoja. Usipoyajua hutajua adui atatokea wapi. Mama naye alipiga hesabu: sigara kumi kwa shilingi ishirini ni shilingi 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi, 73,000 kwa mwaka. Abti aliuliza mara mbili kama mama hajakosea.

Pili, sababu. Abti alitaja sababu zake, nami nikaziandika kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya lori: mtoto, kifua, pesa. Maneno matatu tu, ya kusomwa kwa haraka.

Tatu, siku. Alichagua siku ya kwanza ya Ramadhani. Asiye Mwislamu anaweza kuchagua siku yoyote iliyo ndani ya wiki mbili hivi, isiwe mbali sana akasahau, wala isiwe kesho kwa hasira.

Nne, watu. Aliwaambia mama, sisi watoto, na wenzake wawili wa safari. Aliwaomba wasimnyoshee pakiti hata kwa mzaha. Hili lilimgharimu haya nyingi kuliko yote.

Tano, kusafisha. Kibiriti, pakiti na kile kikopo cha majivu viliondoka ndani ya lori na nyumbani siku moja kabla. Shati na koti zilifuliwa.

Sita, kitu cha badala. Mkono na mdomo vimezoea kazi, ukivinyima kabisa vinakusumbua. Abti alikata miswaki ya mti akaiweka mfukoni mahali pa pakiti. Kwa wenye uraibu mkubwa kuna pia plasta na ubani wa dawa zenye nikotini kidogo isiyo na moshi, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu. Hizo ni za mtu mzima, na ni vizuri kumwuliza mhudumu wa afya kwanza. Zahanati ikiwa mbali, kuna namba 1192 ya NACADA, ambayo hupigwa bila malipo kwa ushauri juu ya uraibu.

Hamu inapokuja

Hamu ya sigara huja kama kimbunga cha vumbi. Ukiiona inakuja unadhani itabomoa nyumba, lakini kwa kawaida hupita kwa dakika chache tu, uvute usivute. Hili ndilo jambo lililomsaidia abti kuliko yote. Tulimpangia mambo manne: ngoja, vuta pumzi ndefu, kunywa maji, fanya jambo lingine. Ramadhani mchana maji hayakuwepo, kwa hiyo alisimama akatembea. Magharibi, ile saa ya hatari, alikula tende, akanywa maji, akasali, akala uji akiwa nasi watoto, kisha tukaenda naye msikitini kwa tarawehe, mswaki mdomoni. Miraa aliiacha mwezi huo, maana alijua vile viwili ni mapacha.

Siku ya tatu alikuwa mkali kama pilipili. Lakini safari hii tuliijua siku hiyo kwa jina, hata watoto walinong'onezana, "Leo ni siku ya tatu, msimguse." Yeye mwenyewe alisikia akacheka. Nadhani kicheko hicho kilimwokoa.

Mwili nao hulipa haraka. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Siku chache tu, ile kaboni monoksaidi imeshaondoka katika damu. Kati ya wiki mbili na miezi mitatu mapafu hufanya kazi vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu.

Kuvunjika kwa koleo

Ningependa kukuambia kwamba hadithi iliishia hapo. Sivyo. Siku ya Idi, katikati ya marafiki, miraa ikaja, na abti akavuta moja. Alirudi nyumbani akakaa nje gizani, akaniita. Nilidhani atanituma dukani. Badala yake alisema, "Andika kwenye daftari." Nikaandika: saa tatu usiku, kwa marafiki, miraa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja, na kuteleza mara moja si sawa na kurudi. Ni habari mpya za njia.

Ninapoandika haya imetimia miezi mitatu tangu Idi. Bado hajavuta nyingine. Siwezi kuapa kwamba hatavuta kamwe, wala yeye haapi tena. Mdogo wangu hakohoi usiku. Nami sijatumwa dukani kwa sababu hiyo tangu wakati huo.

Neno la mwisho

Kwenu ninyi wenzangu ambao tayari mnapokea fegi nyuma ya uwanja: ubongo wa umri wetu hufungwa kwa kamba hii upesi kuliko wa mtu mzima. Nilihesabu mara saba au nane tu kabla ya kujikuta nikisubiri mlangoni. Kwenu walimu na wazazi wetu, nawaomba kwa heshima: msitutume. Mkono unaotumwa kuleta sigara ndio unaojifunza kuishika.

Na ukimwona mtu amejaribu kuacha akashindwa, usimwambie hana msimamo. Mwulize kama alijaza mitungi.